Mkasi wa Donat

Goma ikipigwa, wa kwanza kukimbia ni Mama Matela. Hujajua bado kama mizinga inalia Kibati au Sake, jirani hajamaliza kufunga kuku wake miguu, washa televisheni ya Muzee Mahamudi: yeye ameshatoka zamani. Godoro la maua mekundu, ndiyo hiyo matela, kichwani, mkono mmoja umeshika kitenge kisidondoke, mdomo wazi, na nyuma yake, katikati ya barabara, kitoto kimekaa chini kinalia. Mama hageuki. Picha inakatika. Pembeni kuna maandishi madogo yanayosema ni picha ya kumbukumbu, lakini nani anasoma maandishi madogo huku anatafuta viatu vya watoto?

Picha hiyo ilikuwa mali ya Donat. Ilimlisha, ikamvika, ikampangishia nyumba Himbi, mtaa wa wenye nazo, upande ule wa nyuma ambako ziwa halionekani ila mtu ana haki ya kusema anakaa Himbi. Ilimpa cheo cha mtayarishaji mkuu wa vipindi na kiti kinachozunguka. Wengine huoa mwanamke wakapanda naye polepole. Donat alipanda juu ya mwanamke anayekimbia, na hata hakumuuliza jina.

Alitoka Butembo, mtoto wa mkulima wa kahawa aliyemtaka awe padri. Seminari walimrudisha nyumbani kwa sababu ya sauti. Sauti yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi, nzito, yenye mwangwi, na siku moja aliitumia kuiga mahubiri ya askofu wakati askofu yuko nyuma ya mlango. Akashuka Goma na begi moja, akaanza kupiga picha za harusi kwa kamera ya Muzee Mahamudi. Huyu Mahamudi ni mfanyabiashara wa vitenge ambaye baba yake alitoka Maniema. Televisheni aliinunua kama watu wanavyonunua lori: imeshatumika, na kwa nia ya kuipakia kupita uwezo wake. Alimsikia Donat akitangaza majina ya waleta zawadi kwenye harusi moja, akasema, "Huyu kijana akikutangazia sufuria, unaona kama umepewa nyumba." Akampa kazi ya habari.

Mwezi wa kumi wa 2008 watu walishuka kutoka Kibumba kama maji, na askari waliotakiwa kuwa nyuma yao walikuwa mbele. Donat alikuwa Kibati, amesimama juu ya pikapu, kofia ya bluu kichwani, kamera begani. Akamwona mama wa godoro. Akamfuata na kamera yake.

Na hapa ni lazima isemwe alichokiona, kwa sababu alikiona kikamilifu, na katika mji mzima ni yeye tu aliyekiona. Mama alikuwa amemshika mtoto mkono. Watu wakamgonga, mkono ukachomoka, naye hakujua. Alisukumwa mbele mpaka kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Pale akageuka. Mkono mtupu. Akalitupa godoro chini kama kitu kinachonuka, akarudi kinyume cha watu wote, akipigwa viwiko, akipigwa masufuria, mpaka akamfikia mtoto. Akarudi naye kiunoni, damu ikimtoka puani. Alipopita chini ya pikapu aliinua macho, akamtazama Donat, Donat akamtazama. Kamera ilikuwa inazunguka muda wote.

Jioni, kwenye montaji, pale picha zinapokatwa na kuunganishwa, habari ilikuwa ndefu. Donat akakata. Nia mbaya hakuwa nayo, tuwe wakweli. Sehemu ya kurudi ilikuwa na giza, ukuta ulimziba mama nusu, watu walipita mbele ya kamera. Alikata kama fundi anavyokata kitambaa kilichozidi. Kisha akaangalia kilichobaki: mama, godoro, mtoto, mgongo. Na sentensi ikaja. Donat alikuwa mtu wa sentensi. Zikimjia huwa hawezi kuzikataa, kama mlevi na kiti cha bure. Akasogea kwenye maikrofoni, akasema kwa sauti ile iliyomfukuzisha seminari:

"Huko Kibati, mama amechagua. Matela amelibeba. Mtoto amemwachia vita."

Fundi wa sauti alilia. Mahamudi alipiga simu akasema na yeye amelia, japo alikuwa dukani. Televisheni za nje zikaiomba. Kinshasa wakamwita Donat, wakampa sanamu ya shaba ya mtu asiye na uso anayeshika kamera, na waziri mmoja akamshika bega. Sehemu iliyobaki ya kaseti? Kaseti zilikuwa chache. Wiki iliyofuata Alima, binti wa Mahamudi, aliolewa, na harusi yake ikarekodiwa palepale. Mpaka leo ukiiweka ile kaseti, mama anakimbia, mtoto analia, halafu Alima anakata keki.

Tangu hapo Mama Matela hakupumzika. Waasi walipoingia mjini mwaka 2012, alikimbia. Nyiragongo ilipotapika moto mwaka 2021, siku ambayo hakuna mtu aliyepiga risasi, alikimbia vilevile, akikimbia volkano ambayo siku ya picha yake ilikuwa imelala. Alikimbia kipindupindu. Alikimbia uchaguzi. Kuna kipindi kimoja cha lishe bora ambamo alipita kwa kasi kati ya maharage na samaki, na hakuna aliyeshangaa.

Mwenyewe, mwanamke wa nyama na damu, aliitwa Mukantwari, na alikuwa anauza kabichi Birere. Kila asubuhi alipanga kabichi zake za Kibumba juu ya gunia, na kila asubuhi mji ulimkumbusha. "Mama Matela, nichagulie nzuri, weye unajua kuchagua." "Mama Matela, angalia kabichi yangu kidogo, ila usikimbie ukaiacha." Watoto wa shule walikuwa na wimbo wao. Motards, wale wa pikipiki za abiria, walipiga honi. Alikuwa na jibu moja tu, kwamba alirudi, na kadiri alivyolisema ndivyo lilivyozidi kufanana na uongo.

Hayo yote angeyabeba. Mgongo wake ulizoea mizigo. Shida ilikuwa Munyaneza.

Munyaneza ndiye kile kitoto. Hakumbuki kitu, alikuwa mdogo mno. Alilelewa vizuri, alipigwa pale ilipobidi, alisomeshwa mpaka kabichi ziliposhindwa. Siku moja, kijana tayari, alikuwa kwa kinyozi Mabanga, na juu ya kioo cha kinyozi kulikuwa na televisheni, na kwenye televisheni kulikuwa na vita. Kinyozi akasimamisha mashine.

"Eh, ule si mama yako?"

"Ni yeye."

"Na kile kinalia nyuma, ni cha nani?"

Munyaneza aliondoka pale nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Alipita Birere hivyohivyo, mbele ya gunia la mama yake, asisimame. Mukantwari alimfuata, akamwapia kwa Bikira Maria na kwa kaburi la baba yake. Alimjibu, "Mama, nimekuona na macho yangu." Akahama, akapanga chumba Mabanga, akaanza kuendesha moto, pikipiki ya abiria. Tangu siku hiyo alimwamkia mama yake kama mtu anavyomwamkia polisi wa barabarani: kwa adabu, na bila kuzima injini.

Ndiyo sababu, mwanzoni mwa 2024, Mukantwari alivaa kitenge chake cha misa akapanda mpaka studio huko Himbi, akaomba kumwona Papa Donat. Alingoja kwenye benchi chini ya picha kubwa ya ukutani. Picha ilikuwa yake mwenyewe, imepanuliwa. Mlinzi alimtazama, akatazama ukuta, akamtazama tena, akaamua kwamba si kazi yake.

Donat alimpokea kwenye kile kiti kinachozunguka. Daniella, msichana wa habari ambaye Donat alikuwa akimfundisha kazi, alikuwa kando anasafisha lenzi.

"Papa Donat," Mukantwari alisema, "weye ulikuwa pale."

"Mama, nimekuwa pahali pengi."

"Kibati. Ulikuwa juu ya gari, na kofia ya bluu. Wakati nilirudi kumutwaa mutoto, nilikuangalia na weye uliniangalia."

Donat akazungusha kiti kidogo, kushoto, kulia.

"Siombi feza," mama akaendelea. "Siombi utoe picha yangu kwa ukuta. Muite tu Munyaneza, umuambie: nilimuona mama yako anarudi. Maneno hayo tu. Mimi nikiyasema iko bongo, uongo tu. Weye ukiyasema iko habari."

Daniella aliacha kusafisha lenzi.

Donat alielewa haraka, hilo tusimnyime. Sentensi ya mama ilikuwa fupi kuliko yake, na ingeiua. Ikifa, sanamu ya shaba inageuka sanamu ya mtu aliyekata picha, na Kinshasa, na waziri, na bega, vyote vinakwenda nayo. Lakini siku zilezile Mahamudi alikuwa amemwambia jambo jingine: picha ile imezeeka, ni ya mraba, imefifia, kwenye televisheni mpya za kutanda ukutani mama anaonekana kama anakimbia ndani ya kabati. "Nitafutie mukimbizi mupya," alisema muzee, "ama umupake huyu rangi." Donat akaacha kuzungusha kiti.

"Mama, kumuambia peke yake hakutoshi. Tutaionyesha. Tutapiga picha upya, yote, mpaka kurudi. Na mwisho mimi mwenyewe nitasimama mbele ya kamera niseme: nilimuona. Goma nzima isikie."

"Na Munyaneza?"

"Munyaneza atakuwa studio, kiti cha mbele."

Mukantwari alimshika mikono yote miwili. Alipotoka, Daniella akauliza, "Kumbe alirudi kweli?"

"Tutaona kwa montaji," Donat alisema.

Walichagua njia moja ya Mabanga yenye mawe meusi, inayofanana na Kibati ukiikazia macho. Ilikuwa mwezi wa pili. Upande wa Sake mabomu yalikuwa yanagonga tangu asubuhi, puu, kimya, puu, na watu wa Mabanga walikuwa wanaendelea na shughuli zao kwa namna ile ya Goma: mkono mmoja unauza nyanya, sikio moja liko mlangoni. Mukantwari alikuja na godoro analolalia, kwa sababu lile la maua liliisha zamani. Mtoto wa kukodi alipatikana: Bénie, mpwa wa Daniella, msichana mdogo aliyevishwa kofia ya mvulana na kulipwa kwa biskuti. Aliambiwa akae barabarani alie, na asiinuke hata kitokee nini mpaka Papa Donat amwite. Bénie alikuwa mtoto mtiifu.

Mara ya kwanza haikufaa.

"Mama, unakimbia kama unaenda kupokea komunio," Donat alisema. "Fungua mudomo. Siku ile ulikuwa unasema nini?"

"Sikumbuki. Ni kama nilikuwa nasema mutoto wangu."

"Apana, hiyo ni ndefu. Sema: banakuya."

"Banakuya nani?"

"Wanajijua."

Basi Mukantwari akapandisha godoro kichwani, akarudi mwanzo wa njia, akavuta pumzi, akakimbia. Na safari hii alikimbia vizuri. Labda ni puu za Sake, labda miguu ina kumbukumbu kuliko kichwa. Alipiga kona, godoro linacheza, mdomo wazi, akalia: "Banakuya! Banakuya!"

Sasa, mtu wa Kinshasa angeuliza wanaokuja ni akina nani. Mtu wa Goma haulizi kitu kilichobeba godoro. Mwenye sufuria barabarani anaweza kuwa anahama, mwenye mbuzi anaweza kuwa anaenda sokoni, lakini mama mwenye godoro kichwani, mbio, na mwezi ule, ni habari kamili yenye kichwa, mwili na mkia. Muuza nyanya alifunga nyanya. Fundi cherehani akang'oa cherehani. Mabati ya maduka yakashuka moja baada ya jingine, krrr, krrr, mpaka mwisho wa njia, na kutoka kila mlango ikatoka familia, na juu ya kila familia godoro. Alitoka bwana harusi mmoja amevaa koti bila suruali, na muzee aliyebebwa na wanawe kwenye kiti, wakamwangusha, akavunjika mguu, wakambeba tena wakiwa wamekosana nani kaanza kuachia. Kila mtu alilia banakuya. Njia ya pili iliisikia kutoka ya kwanza, ya tatu kutoka ya pili, na ilipofika sokoni adui alikuwa na idadi na aina ya silaha.

Donat alikuwa anacheka. Picha kama hizi hazinunuliki. Alizungusha kamera kushoto, kulia, akimwambia Daniella, "Bure kabisa, figurants wote hawa wa kujaza picha, bure." Kisha akapita askari mmoja, mbio, anafungua vifungo vya shati la jeshi, chini kuna jezi ya mpira. Donat akaacha kucheka. Alijua vizuri vita hii imetoka wapi. Ilitoka kinywani mwake. Lakini askari anajua mambo. Askari havui shati bure. Labda wakati yeye anacheza vita ya uongo, ya kweli imepitia nyuma. Akamtazama mwingine: huyo naye anakimbia. Kichwani mwake ile sauti yake mwenyewe, nzito, yenye mwangwi, ikasoma habari: Mabanga imeanguka.

Akakumbatia kamera kama mtoto, akakimbia. Miguu mitatu ya kamera aliiacha. Alimwacha Daniella pia. Alimpita Mukantwari akimsukuma kwa bega, akamruka Bénie, ambaye alikuwa bado amekaa barabarani analia kama alivyoelekezwa, isipokuwa sasa alikuwa analia kweli. Hakusimama mpaka mpakani. Alikuwa wa kwanza kufika. Afisa wa upande wa pili akamuuliza kwa upole anakimbia nini.

"Wameingia Mabanga," Donat alisema, akihema. "Mimi ni mwandishi wa habari. Nimewaona."

Daniella ndiye aliyebaki. Alijibana kwenye ukuta, akatoa simu, akapiga picha. Si kwa ushujaa. Mikono ilihitaji kitu cha kushika. Video yake ina kila kitu. Donat yumo, anapita mbele ya Bénie kwa mruko ambao hakuna aliyedhani tumbo lile linauweza. Mukantwari yumo, anasukumwa mbele na watu, mbali kabisa na pale alipoambiwa ageuke. Anageuka. Anamwona mtoto kati ya miguu ya watu. Godoro linaruka huko, na yeye anarudi kinyume cha mto ule, kichwa chini kama ng'ombe, anapigwa kiwiko, anapigwa ndoo, mpaka anamwangukia Bénie na kumfunika kwa mwili wake. Wanabaki chini hivyo mpaka njia inabaki tupu, na kinachosikika ni mtoto akiuliza kama biskuti nyingine ipo.

Saa chache baadaye mji ulijua. Vita ilikuwa ya televisheni. Goma ikacheka mpaka ikashika mbavu, kisha ikakasirika, kisha wakubwa wa usalama wakamwita Mahamudi wakamuuliza anataka televisheni yake ifungwe kwa kufuli gani. Yakafikiwa makubaliano: Donat atatoka hewani, moja kwa moja, aeleze na aombe radhi. Video ya Daniella ilikuwa tayari kwenye kila simu, na Donat kwenye kila simu alikuwa anaruka. Vijana walimpa jina la Visa, kwa vile alivyowahi mpakani.

Mukantwari hakuangalia vijana. Aliona siku yake imefika. Alikwenda kwenye stendi ya motards, akasimama mbele ya moto ya mwanawe mpaka akazima injini.

"Kuya studio. Papa Donat ataongea. Ukimusikia na bado ukaniona mubaya, sitakuita tena."

Munyaneza alikuja. Alikaa kiti cha mbele, kofia ya chuma mapajani, mama yake kando. Nyuma ya kioo alisimama Mahamudi. Juu ya rafu nyuma ya mgongo wa Donat ilikaa ile sanamu ya shaba, kwa sababu ilikuwa inakaa pale siku zote na hakuna aliyefikiria kuiondoa.

Donat aliomba radhi vizuri sana. Ukimsikiliza ungetamani akukosee tena. Kisha Daniella akaiweka video kwenye kioo kikubwa, akaanza baada ya ule mruko, kwa amri. Mama anageuka. Godoro linaruka. Munyaneza, ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe na video hakuwa ameiona, akainama mbele. Mkono wake ukaacha kuchezea kofia. Alitazama mpaka mwisho, mpaka kwenye biskuti, na uso wake ukawa uso wa mtu mdogo kuliko yeye. Akageuka, akamtazama mama yake kama mtu anayemkumbuka mtu. Kisha akamgeukia Donat, na hakungoja maikrofoni.

"Papa Donat. Na mimi, Kibati? Weye ulikuwa pale. Alinirudilia?"

Mukantwari alikuwa ameshatangulia kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Daniella alikuwa nyuma ya kamera, jicho moja. Neno lenyewe lilikuwa moja na halikuhitaji sauti nzuri.

Donat akavuta pumzi. Aliisikia sanamu nyuma ya shingo yake. Alikuwa tayari, wanaomtetea husema alikuwa tayari kabisa, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini sentensi ikaja. Ilikuja yenyewe, imenyooka, imevaa, na alikuwa hewani.

"Kijana wangu," alisema, na mwangwi ukajaa chumba, "vita ya kwanza mama alichagua matela. Leo amechagua mtoto. Imemchukua miaka yote hii kujifunza kurudi. Goma, tumsamehe."

Nyuma ya kioo Mahamudi alifuta jicho. Simu za studio zikaanza kulia.

Munyaneza akavaa kofia yake palepale ndani, akafunga mkanda wa kidevu.

"Kumbe anajua kurudi," alisema. "Kwa mutoto wa bengine."

Alitoka. Mukantwari alibaki amenyoosha mkono kwenye kiti kilichokuwa bado na joto. Hakulia; alimtazama Donat tu, kama alivyomtazama siku ile chini ya pikapu.

"Ulisema utasema."

"Mama, nimesema vizuri zaidi," Donat alijibu, na kwa Daniella, chini ya sauti: "Ule mkono kwa kiti, umeupata?"

Aliupata. Daniella aliacha kazi baada ya hapo, akaenda kufundisha shule ya msingi. Ule mkono ulibaki. Ulionekana kwenye vipindi vya familia, vya Pasaka, na kwenye tangazo moja la viti.

Januari ya 2025 vita ilikuja bila kuelekezwa. Mabomu yalianguka ndani ya mji wenyewe, na safari hii hakuna aliyecheka. Donat alikuwa Birere mchana ule, amebanwa kwenye kona ya duka lililofungwa, njia ya mpakani iko hatua chache, betri ya kamera inaelekea kuisha. Na huko ng'ambo ya barabara akamwona Mukantwari amesimama mbele ya kabichi zake, godoro limekunjwa na kufungwa kamba miguuni pake. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatazama njia.

Moto ikaja kwa kasi kutoka upande wa Mabanga, ikasimama mbele yake. Munyaneza. Donat akainua kamera bila kufikiri, kama mtu anavyoinua mkono kujikinga.

Kijana hakushuka. Alilinyanyua godoro kwa mkono mmoja, akaliweka kwenye kiti cha nyuma, akalikaza kwa mipira. Kazi nzuri, ya mtu aliyezoea. Kiti kikajaa.

"Na mimi?" Mukantwari aliuliza.

"Matela kwanza," Munyaneza alisema. "Ni weye ulinifundisha. Ngoja hapa, nitarudi."

Huenda uso wake ulikuwa na tabasamu la uchungu, huenda ulikuwa uso wa mwana anayetania mama yake baada ya muda mrefu, kwa sababu moto ni moja na watu na mizigo ni zaidi. Kwa pale Donat aliposimama, kofia iliufunika. Injini ikanguruma. Moto ikaondoka na godoro, ikapiga kona ya mpakani, ikapotea. Mama akabaki barabarani peke yake, watu wakimpita pande zote mbili, mkono wake umeinuka nusu.

Ilikuwa picha nzuri. Donat aliijua papo hapo, hata kwa hofu aliyokuwa nayo. Aliishikilia kidogo baada ya kona kubaki tupu, akatazama taa nyekundu ya betri.

Akazima kamera, akakimbia. Kama kijana alirudi, haipo kwenye picha.